Jinsi ya Kupata Vyanzo vya Haki vya Kujifunzia Biblia: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Ombi linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nitajie kitabu kimoja cha kufafanua Biblia ambacho hakiegemei dhehebu lolote." Mtu anatajiwa kitabu, anakinunua, anasoma kwa furaha mpaka anafika kwenye habari za ubatizo au Sabato, na hapo anagundua kwamba mwandishi ana kanisa lake. Anakiweka kando na kuanza kutafuta kingine. Mwaka unakatika, na Biblia yenyewe bado haijasomwa.

Anakwama kwa sababu anatafuta kitu ambacho hakipo. Kila aliyeandika juu ya Biblia ana mahali aliposimama, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mpentekoste, Msabato, Myahudi, au msomi wa chuo kikuu asiye na dini, ambaye naye ana misingi yake. Usawa hauuzwi ndani ya jalada moja. Unautengeneza wewe, kwa kuweka pamoja vyanzo vinavyotaja upande wao waziwazi na vinavyowatendea haki wasiokubaliana navyo.

Ili tusizungumze hewani, tutatumia andiko moja tangu mwanzo hadi mwisho: Mathayo 16:18, "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu." Nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu ndugu wa familia moja wakikaa mezani, mmoja wa parokiani na mwingine mlokole, andiko hili huwa halikawii kutajwa.

## Vitu vya kuandaa

Biblia mbili za Kiswahili za mitindo tofauti. Union Version ya 1952 hufuata kwa karibu maneno ya lugha za asili za Biblia, yaani Kiebrania na Kigiriki. Biblia Habari Njema hutanguliza maana kwa Kiswahili cha kila siku, na iliandaliwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Ukipata toleo lake lenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki lakini havimo katika ya Kiprotestanti, chukua hilo. Utaweza kusoma Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na Yoshua bin Sira mwenyewe badala ya kusikia habari zake tu. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66 na ya Kikatoliki 73, na mabishano mengi huisha mtu anapofungua vitabu hivyo saba na kuona kilichoandikwa.

Itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno na kuonyesha kila moja linapatikana katika mistari ipi. Programu ya Biblia ya kwenye simu yenye sehemu ya kutafuta neno inafanya kazi hiyo hiyo.

Kamusi ya Biblia moja, ya watu, miji, vipimo na desturi.

Vitabu vya ufafanuzi kutoka mapokeo matatu tofauti. Huhitaji kuvinunua, nitaeleza mahali pa kuvisomea.

Daftari, kalamu, na simu yenye bando la kutosha.

Onyo dogo kabla hatujaanza: ukilinganisha Biblia, kuwa macho na hesabu za Zaburi. Baadhi ya matoleo ya Kikatoliki ya zamani na ya Kiorthodoksi hufuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini, ambamo Zaburi ya 23, "Bwana ndiye mchungaji wangu", ni ya 22. Mtu asiyejua hili hudhani amekuta Biblia iliyochezewa.

## Hatua ya 1: Andika swali ambalo halijajijibu

Fungua daftari uandike swali kabla hujafungua intaneti. Mtambo wa kutafuta hukuletea kinachofanana na ulichouliza. Ukiandika "kwa nini Wakatoliki wamekosea kuhusu Petro", utaletewa kurasa za wanaosema wamekosea. Ukiandika "uthibitisho kwamba Petro alikuwa papa wa kwanza", utaletewa za upande wa pili. Katika hali zote mbili umejipatia wakili, naye amelipwa na swali lako mwenyewe.

Swali letu liwe hivi: "Katika Mathayo 16:18, mwamba ni nini au ni nani, na makanisa mbalimbali yanaeleza hivyo kwa sababu gani?"

Umefanikiwa ikiwa Mkatoliki na Mpentekoste wote wawili wanaweza kulisoma swali hilo na kusema ni swali la haki.

## Hatua ya 2: Soma andiko kabla ya maelezo

Soma Mathayo 16 yote, kisha rudia mstari wa 13 hadi 23 katika Biblia zako mbili. Usiguse tanbihi wala utangulizi wa mhariri. Sababu ni kwamba maelezo ya kwanza unayoyasoma hukaa kichwani kama miwani, na kila utakachosoma baadaye utakisoma kupitia hayo.

Kisha tafuta mahali pengine panapogusa jambo hilo hilo. Kwa andiko letu, daftari lako litapata mambo kama haya:

- Marko 8:27-30 na Luka 9:18-21 zinasimulia tukio hilo hilo bila maneno ya mwamba.
- Funguo za Mathayo 16:19 zinakumbusha Isaya 22:22, ambapo Eliakimu anapewa ufunguo wa nyumba ya Daudi.
- Kufunga na kufungua, ambako Petro anapewa katika sura ya 16, katika Mathayo 18:18 wanaambiwa wanafunzi kwa wingi.
- Waefeso 2:20 inataja msingi wa mitume na manabii. 1 Wakorintho 3:11 inasema msingi ni Yesu Kristo.
- Katika Yohana 21:15-17 Petro anaambiwa alishe kondoo.
- Mistari michache baada ya sifa ile, Mathayo 16:23, Petro huyo huyo anaitwa Shetani.

Angalia orodha hiyo vizuri. Baadhi ya mistari inapendwa na upande mmoja na mingine na upande wa pili, nayo yote imo katika Biblia yako. Anayekuonyesha mitatu tu kati ya hiyo amekuchagulia hitimisho.

Onyo: Biblia za kujifunzia zenye maelezo chini ya ukurasa huwachanganya wengi, kwa sababu maneno ya Mungu na maneno ya mhariri yamechapwa kwenye karatasi moja. Scofield Reference Bible ya 1909 ni mfano mashuhuri. Mafundisho yake kuhusu vipindi vya historia na kurudi kwa Kristo yalienea duniani kupitia tanbihi, na wapo waumini wengi wanaoyajua bila kujua yalikotoka. Ukinukuu, andika kila mara: hili ni andiko, hili ni tanbihi.

Umefanikiwa ikiwa una ukurasa mzima wa mambo uliyoyaona kwa macho yako, na hakuna jina la mfafanuzi hata mmoja ndani yake.

## Hatua ya 3: Jua kila chanzo kimetoka nyumba gani

Geuza ukurasa wa kwanza, pale penye jina la mchapishaji. Ukurasa huo hausomwi, na ndio unaosema mengi kuliko jalada.

Paulines Publications Africa ya Nairobi, pamoja na matbaa za Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, ni za Kikatoliki. Central Tanganyika Press ya Dodoma na Uzima Press ya Nairobi zina mizizi ya Kianglikana. Evangel Publishing House ya Nairobi ni ya Kipentekoste. Africa Herald Publishing House ya Kendu Bay ni ya Waadventista Wasabato. Ukiona Watch Tower, hao ni Mashahidi wa Yehova, ambao wana tafsiri yao wenyewe ya Biblia, Tafsiri ya Ulimwengu Mpya. Kitabu cha Kikatoliki mara nyingi hubeba pia maneno ya Kilatini *Nihil obstat* na *Imprimatur*, maana yake kimekaguliwa na hakuna kinachopinga mafundisho ya Kanisa hilo.

Kwenye tovuti, tafuta ukurasa wa "Kuhusu sisi" au "Tamko la imani". Tovuti inayotaja kanisa lake imekutendea haki. Ile inayosema "sisi tunafuata Biblia tu, hatuna dhehebu" ndiyo ya kuichunguza zaidi, maana nayo ina mafundisho yake ila imekuachia wewe kazi ya kuyatafuta.

Kujua nyumba hakumaanishi kukitupa kitabu. Africa Bible Commentary ya 2006, iliyoandikwa na wasomi 70 wa Kiafrika chini ya mhariri mkuu Tokunboh Adeyemo wa Nigeria, ni ya kiinjili kwa msimamo, yaani ya Waprotestanti wanaosisitiza mamlaka ya Biblia na wokovu wa mtu binafsi. Ukilijua hilo unaweza kufaidi sana inavyohusisha maandiko na ndoa, ukoo, mizimu na siasa za bara letu, huku ukitambua mahali ambapo Mkatoliki au Morthodoksi angesema vingine.

Umefanikiwa ikiwa kando ya kila chanzo daftarini umeandika neno moja au mawili: Katoliki, Kilutheri, kiinjili, Kiyahudi, kitaaluma.

## Hatua ya 4: Msikilize kila mmoja kwa kinywa chake

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usijifunze Ukatoliki kutoka kitabu cha kuupinga. Usijifunze Usabato kwa mhubiri aliyeuacha, wala Upentekoste kwa anayeudhihaki. Fungua kitabu ambacho wenyewe wanakikubali. Utakutana na mambo usiyoyatarajia.

Chukua Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Namba 881 inasema Bwana alimfanya Simoni peke yake, aliyemwita Petro, kuwa mwamba wa Kanisa lake. Hapo unatikisa kichwa, ndivyo ulivyosikia. Lakini namba 424 ya kitabu hicho hicho inasema Kristo alijenga Kanisa lake juu ya mwamba wa imani hii iliyokiriwa na Petro. Wapinzani wengi hawajui kwamba Katekisimu inasema yote mawili, na Wakatoliki wengi pia hawajui.

Sasa geukia Waprotestanti. Wengi hufundisha kwamba mwamba ni ukiri wa Petro, au Kristo mwenyewe. Hata hivyo Oscar Cullmann, msomi wa Kilutheri, alikubali kwamba mwamba ni Petro kama mtu. Alichokataa ni kwamba nafasi hiyo hurithiwa na maaskofu wa Roma. D. A. Carson, mfafanuzi wa kiinjili, naye anasema maana ya kawaida ya sentensi ile inamwelekea Petro. Kumbe ubishi halisi uko kwenye urithi wa cheo kuliko kwenye jina la mwamba. Anayesoma upande mmoja tu hawezi kuligundua hilo.

Ongeza sauti ya tatu iliyo nje ya ugomvi. Kwa Agano la Kale, Sefaria ni maktaba ya bure ya maandiko ya Kiyahudi pamoja na wafafanuzi wao wa kale kama Rashi. Itakusaidia na Isaya 22. Kwa upande wa kitaaluma, Bible Odyssey ya Society of Biblical Literature ina makala fupi za wasomi wa imani mbalimbali na wasio na imani, na Chuo Kikuu cha Yale kimeweka wazi mihadhara ya Christine Hayes kuhusu Agano la Kale na ya Dale Martin kuhusu Agano Jipya. Kwa lugha za asili kuna STEP Bible ya Tyndale House, Cambridge, na NET Bible yenye tanbihi zaidi ya 60,000 ambamo watafsiri wanaeleza kwa nini wamechagua neno fulani. Hizi mbili zimetoka mikononi mwa watu wa kiinjili, ila sababu zao zimewekwa mezani uzipime.

Karibu vyote hivyo viko kwa Kiingereza. Kama hukimudu, tafuta mwenzako anayekimudu mkae pamoja. Tafsiri ya mashine huvuruga maneno ya kiteolojia, nawe hutajua kwamba imekupotosha.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kueleza hoja ya kila upande kwa dakika mbili, na mtu wa upande huo akasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini."

## Hatua ya 5: Tafuta vilivyoandikwa na pande mbili pamoja

Hiki ndicho chanzo cha haki kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Mwaka 1973 wasomi wa Kikatoliki na wa Kilutheri nchini Marekani walitoa pamoja kitabu Peter in the New Testament, chini ya uhariri wa Raymond Brown, Karl Donfried na John Reumann. Kitabu kimoja, makanisa mawili, swali letu hasa. Hakuna aliyeweza kumsingizia mwenzake, kwa sababu mwenzake alikuwa mezani.

Kwa mada nyingine pia vipo. Kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani kuna Tamko la Pamoja ambalo Walutheri na Wakatoliki walitia saini Augsburg mwaka 1999. Linataja wanayokubaliana, kisha kila upande unaeleza kwa maneno yake mkazo wake. Kuhusu ubatizo na meza ya Bwana kuna waraka wa Lima wa 1982 wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ambao wanateolojia wa Kikatoliki nao walishiriki kuuandaa.

## Hatua ya 6: Hakiki kila nukuu

Usinukuu usichokifungua. Mfano wa Yohane Krisostomo, askofu na mhubiri mashuhuri wa Kanisa la kale, utaonyesha kwa nini.

Wanaopinga upapa hupenda kunukuu mahubiri yake ya 54 juu ya Mathayo, anaposema "juu ya mwamba huu" ni juu ya imani ya ukiri ule. Nukuu ni ya kweli. Wanaoutetea hupenda kunukuu anavyomwita Petro kinywa cha mitume na kiongozi wa kundi lao. Nayo ni ya kweli, na imo katika mahubiri hayo hayo ya 54. Kila upande umekata kipande na kuacha kingine.

Kuhakiki hakugharimu kitu. Mahubiri hayo yapo kwenye New Advent, tovuti ya Kikatoliki, na kwenye Christian Classics Ethereal Library, maktaba ya mtandaoni iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Calvin, ambacho ni cha Kiprotestanti. Tafsiri ni ile ile ya karne ya 19. Yafungue kote kuwili uone kwamba hakuna aliyebadilisha maana, kisha soma kuanzia juu hadi chini.

Agostino, askofu mwingine wa Kanisa la kale, naye hunukuliwa na pande zote, na kwa sababu nzuri: uzeeni, alipopitia upya maandishi yake, alieleza kwamba aliwahi kusema mwamba ni Petro, baadaye akasema mara nyingi ni Kristo aliyekiriwa na Petro, kisha akamwachia msomaji achague.

Maonyo ya hatua hii:

Video na sauti za WhatsApp zisizotaja kitabu, sura na mstari zisiingie daftarini. Sentensi inayoanza na "wanachokuficha ni hiki" ichukuliwe kama ishara ya kusimama na kukagua.

Programu za akili mnemba hutoa majibu ya kuvutia yenye nukuu ambazo wakati mwingine hazipo kabisa. Zitumie kupata majina ya vitabu vya kutafuta, halafu nenda kwenye kitabu chenyewe.

Na usawa usikufanye upokee kila dai kwa uzito sawa. Utasikia kwamba Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliochagua vitabu vya Biblia. Kanuni 20 za mtaguso huo zipo na zinasomeka, wala hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu hivyo. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo iko katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Dai la uongo halipewi nusu ya ukurasa eti kwa ajili ya mizani.

## Hatua ya 7: Andika safu tatu

Gawa ukurasa. Safu ya kwanza: yanayokubaliwa na wote. Kwa andiko letu, wote wanakubali kwamba Petro ana nafasi ya pekee katika Injili ya Mathayo na kwamba mjenzi wa kanisa ni Kristo. Safu ya pili: yanayobishaniwa, pamoja na sababu nzito zaidi ya kila upande. Safu ya tatu: msimamo wako kwa sasa na kwa nini.

Safu ya tatu ni lazima. Kujifunza kwa haki hakukukatazi kuwa na imani yako, na mtu asiyefikia uamuzi wowote hajamaliza kazi.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kumpa ukurasa huo mtu wa kanisa jingine na akakubali safu mbili za kwanza bila kubadilisha kitu.

## Ukikwama

Huna fedha za vitabu. Vyuo vya teolojia vina maktaba. Makumira karibu na Arusha ni ya Walutheri, Jordan ya Morogoro ni ya Kikatoliki, Hekima ya Nairobi ni ya Wajesuiti, Baraton ni ya Wasabato, na St. Paul's ya Limuru inamilikiwa na makanisa kadhaa ya Kiprotestanti kwa pamoja. Nenda ukaulize utaratibu wa msomaji wa nje. Beba barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji au paroko wako, na swali lako likiwa limeandikwa. Mkutubi akiona swali lililoandikwa vizuri atakuelekeza rafu sahihi haraka kuliko ukisema "nataka vitabu vya Biblia".

Mchungaji au katekista ana wasiwasi. Mwonyeshe daftari, hasa hatua ya 2. Mwombe yeye akuchagulie kitabu cha kuwakilisha upande wa kanisa lenu. Wengi hulegea wanapoona umewapa nafasi ya kusema kwa niaba yao.

Mada ni kubwa mno. Rudi kwenye andiko moja. "Mafundisho ya Roho Mtakatifu" huwezi kuyamaliza, ila 1 Wakorintho 14 unaweza.

Kwa zoezi la pili baada ya Mathayo 16, chukua Yakobo 2:24 kando ya Warumi 3:28, ukiwa na Tamko la 1999 mkononi. La tatu liwe Matendo 16:33, mlinzi wa gereza wa Filipi aliyebatizwa na watu wake wote, na hapo waraka wa Lima utakufaa.